Kizimba na Dungu

Iko biashara moja ya zama hizi iuzayo hofu kwa kipimo. Mteja hulipa fedha, huvikwa vazi la mpira, hushushwa baharini ndani ya kizimba cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa chombo, na humo hungoja kumwona papa mweupe. Wenye chombo humwaga majini mafuta na samaki waliosagwa, kisha hutupa kichwa cha jodari kilichofungwa kamba. Papa huifuata harufu. Akikaribia, kamba huvutwa, chambo huelekea kizimbani, na papa hukifuata. Meno yake huonekana kwa umbali wa mkono mmoja. Baada ya muda mfupi mteja hupandishwa juu, hupewa kinywaji cha moto, na hurudi kwao na picha mkononi na sifa ya ujasiri kinywani.

Nakusudia kuipinga sifa hiyo. Siipingi kwa husuda, wala kwa kuchukia raha za watu wengine. Kila mtu ana haki ya kutumia fedha yake kwa namna impendezavyo maadamu hamdhuru jirani. Naipinga kwa sababu ujasiri ni neno la thamani, na neno la thamani likipewa asiyelistahili huwa limenyang'anywa anayelistahili. Hoja yangu ni kwamba popote hatari inapouzwa kwa mtu aliye ndani ya kizimba, yuko mtu mwingine aliye nje ambaye huilipia hatari hiyo bila ya kuulizwa. Huyo wa nje ndiye apasaye kutajwa kwanza katika mazungumzo ya ujasiri, na ndiye apasaye kusikilizwa kwanza katika mazungumzo ya sheria. Nitaanza na papa, lakini safari yetu itaishia Bariadi, katika mkoa wa Simiyu, mahali pasipo na bahari. Msomaji asishangae. Kizimba cha papa kina nasaba, na nasaba yake ni ya nchi kavu.

Mwaka 1963 Mwaustralia aitwaye Rodney Fox, bingwa wa kuvua samaki kwa mkuki, alikamatwa na papa mweupe wakati wa mashindano katika pwani ya Aldinga, Australia Kusini. Alishonwa nyuzi zaidi ya mia nne, akapona. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba fikira ya kizimba ilimjia alipokuwa akiwatazama simba katika bustani ya wanyama. Simba yumo ndani ya vyuma, mtu yuko nje, na baina yao pana amani. Fox aliigeuza hesabu hiyo: alimtia mtu ndani na kumwacha mnyama nje. Hakuwa mtu wa kwanza kushuka baharini kizimbani, lakini safari alizoziongoza katika miaka ya 1960 ndizo zilizofungua njia ya kwenda kumtazama papa mweupe kwa makusudi, kwanza kwa wapiga picha za sinema, baadaye kwa kila mwenye nauli. Tangu hapo biashara ilienea hadi Gansbaai katika Afrika Kusini, kisiwa cha Guadalupe katika Mexico, na kisiwa cha Stewart kusini kabisa mwa New Zealand.

Basi kizimba cha papa ni mtoto wa kizimba cha simba. Na simba ni jirani wa Bariadi. Mkoa wa Simiyu, uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012, umekaa magharibi mwa Serengeti. Pori la Akiba la Maswa, lililoanzishwa mwaka 1962, limelala baina ya hifadhi na vijiji. Katika Busega liko Pori la Akiba la Kijereshi, na lango la Ndabaka, ambalo kwalo wageni huingia Serengeti kutoka upande wa ziwa, liko kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Mambo yote mawili yaliyofanya biashara ya papa, yaani chambo na kizimba, yalijulikana katika nchi hii zamani kabla ya Fox kuumwa.

Katika miaka ya 1920 na 1930, kabla ya Serengeti kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, wageni waliokuja na kamera walikuwa na desturi ya kuua pundamilia au nyumbu, kumfunga nyuma ya gari na kumburuta nyikani ili simba wafuate. Simba walizoea. Walijifunza kwamba mlio wa gari ni mlio wa chakula. Gari lilikuwa kizimba, na mzoga ulikuwa kichwa cha jodari. Wako wengine waliokuja na bunduki, nao wakawapiga simba wakiwa wameketi garini, hata Denys Finch Hatton, aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kuwaongoza wawindaji, akaandika katika gazeti la The Times la London kuwalaumu. Naona jambo la kujifunza hapa. Mtu ambaye riziki yake ilitegemea bunduki aliona haya juu ya mauaji yasiyo na hatari kwa muuaji. Wengi wa leo wasiopata kushika bunduki hawaoni haya hiyo.

Wala chambo hakijatoweka. Katika vitalu vya uwindaji vya nchi yetu chui huwindwa kwa nyama iliyofungwa mtini, na simba vilevile. Mwindaji hukaa katika maficho yaliyojengwa kwa majani, hutazama kwa darubini, hungoja. Sheria inaruhusu, na sheria hiyo ina masharti yake, kama lile la kutoua simba aliye chini ya umri wa miaka 6. Sina shtaka juu ya mtu afuataye masharti. Nataka tu tuyaite mambo kwa majina yake: maficho ya Maswa na kizimba cha Gansbaai ni ndugu. Katika vyote viwili mtu amelipa ili mnyama mkali aletwe kwake kwa njia ya tumbo, ilhali yeye mwenyewe amekwisha kutengwa na makali ya mnyama huyo.

Sasa na tumtazame mtu aliye nje.

Katika maji ya kisiwa cha Stewart kuna wazamiaji watafutao paua, aina ya konokono wa baharini mwenye nyama ya thamani. Wengi wao huzamia kwa pumzi zao, hawana kizimba. Biashara ya kuonyesha papa ilipoanza karibu na mahali pao pa kazi, walilalamika kwamba papa waliozoea kuitwa kwa chambo wataunganisha chombo, mtu na chakula katika fikira moja. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya New Zealand iliwakubalia, ikasema kwamba kumvuta papa kwa chambo ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1953. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo. Ubishi mzima ulikuwa juu ya tafsiri ya neno. Sheria ilikataza kuwinda au kuua, na katika maana ya kuwinda ilitia kumfuatia mnyama na kumsumbua. Mahakama ya Juu iliona kwamba kusumbua huko lazima kuambatane na kuwinda au kuua, na mwenye kizimba hakuwa na nia ya lolote katika hayo.

Wanafunzi wa lugha watakubali kwamba hukumu hiyo yamkini ilikuwa sahihi kwa maneno ya sheria. Lakini watakubali pia kwamba swali la wazamiaji halikujibiwa. Wao hawakuuliza kama papa anawindwa. Waliuliza kama wao wanafanywa mawindo. Sheria iliyotungwa ili kumlinda mnyama haikuwa na neno kwa ajili ya mtu aliye majini bila ya vyuma.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya madhara ya chambo. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini uliona kwamba papa wengi hawakuonyesha dalili ya kuzoea vyombo vya wageni. Uchunguzi wa visiwa vya Neptune katika Australia uliona papa wakiongezeka na kukaa muda mrefu zaidi mahali palipomwagwa chambo. Nayataja yote mawili kwa kuwa mbishi mwaminifu hafichi ushahidi wa mwenzake. Lakini hata tukikubali kwamba shaka ipo, swali ni hili: shaka hiyo ibebwe na nani? Katika kila biashara ya kizimba shaka hubebwa na aliye nje. Mteja anayo hakika ya chuma. Mzamiaji wa paua anayo shaka peke yake.

Mtu wa namna hiyo Simiyu tunaye kwa maelfu, na lugha yetu ina neno la mahali pake pa kazi. Neno hilo ni dungu. Dungu ni kile kichanja kilichoinuliwa shambani, ambacho juu yake mkulima hukaa kulinda mazao yake. Na tuvilinganishe vyombo hivi viwili vya kutazamia wanyama, kizimba na dungu. Aliye kizimbani amelipa ili mnyama aje. Aliye dunguni hulinda bure ili mnyama asije. Wa kwanza ana vyuma pande zote, wa pili ana debe la kupiga, tochi, na sauti yake. Wa kwanza hukaa muda wa saa moja, wa pili hukaa usiku kucha msimu mzima, na asubuhi humngojea jembe. Wa kwanza akiondoka huwa na picha. Wa pili akiondoka, hata kwa usiku mmoja, huenda akakuta shamba la mahindi limelala chini, na viazi alivyotumaini kukausha viwe michembe ya kiangazi vimefukuliwa. Ni yupi kati yao tunayemwita jasiri katika magazeti yetu?

Tembo hutoka Serengeti na katika mapori ya akiba, wakaingia mashambani mwa Bariadi, Busega, Itilima na Meatu. Katika Ghuba ya Speke, ambako Busega inaligusa Ziwa Viktoria, mvuvi na mchota maji huishi na mamba na kiboko. Na Itilima kuna fisi. Mapema mwaka 2025 habari za Itilima zilienea duniani. Fisi walikuwa wamewashambulia watu, wengi wao watoto, na wako waliokufa. Maofisa wa wanyamapori na wananchi waliwasaka fisi hao na kuua zaidi ya kumi. Mmoja alikutwa na jina limeandikwa pajani, na hapo uvumi wa uchawi ukameza habari nzima. Wasomaji wa miji ya mbali walisoma juu ya fisi mwenye jina. Majina ya watoto hayakuwashughulisha. Hivyo ndivyo kizimba kinavyofanya kazi hata pasipo chuma. Msomaji wa mbali aliitazama Simiyu kama mteja amtazamavyo papa: alitaka kioja, akapewa kioja, akafunga gazeti.

Sheria yetu nayo ina maneno yake. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa watu walioumizwa na wanyama wakali. Malipo ya mazao na mifugo yanaitwa kifuta jasho. Malipo ya jeraha na kifo yanaitwa kifuta machozi. Kanuni hizo zilitaja shilingi 1,000,000 kwa kifo cha mtu na 500,000 kwa ulemavu wa kudumu. Kwa mazao zilitaja kiasi cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi 5, na kiasi hicho kilipanda kadiri shamba lilivyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi. Yaani aliye karibu zaidi na hatari ndiye aliyelipwa kidogo zaidi. Tarakimu hupitiwa upya na huweza kupandishwa, na sifanyi ugomvi mkubwa juu yake. Ugomvi wangu ni na majina. Kifuta machozi si fidia. Fidia ni haki ya aliyedhulumiwa. Kifuta machozi ni kitambaa apewacho mfiwa na jirani mwenye huruma. Jirani huyo hakiri kwamba mnyama ni wake. Lakini mnyama huyohuyo akipigwa picha langoni, mwenyewe hujulikana mara moja na kiingilio hupokewa. Tembo ana mwenyewe mchana barabarani, na usiku shambani ni yatima.

Wako watakaonijibu kwamba nawapamba watu wa Simiyu, na kwamba Wasukuma wenyewe wamefanya hatari kuwa mchezo tangu zamani. Jibu hilo lina haki, nami nitalipima. Ni kweli kwamba katika ngoma za Wagika na Wagalu, makundi mawili yashindanayo baada ya mavuno, wachezaji wamecheza na nyoka na hata na fisi mbele ya umati. Ni kweli kwamba chama cha Bayeye kimejulikana kwa kucheza na nyoka wenye sumu, na watazamaji hutunza. Ni kweli vilevile kwamba aliyemwua simba alicheza kutoka nyumba hadi nyumba akipokea zawadi za mifugo na fedha. Je, kuna tofauti gani na mteja wa kizimbani?

Tofauti ni kubwa. Myeye hakununua ukaribu wake na nyoka, aliusomea. Alijifunza tabia za nyoka, akajifunza dawa, na dawa hiyo ndiyo iliyotibu jirani aliyeumwa shambani. Mchezo wake ulikuwa ukumbi wa nje wa elimu ambayo kijiji kizima kilinufaika nayo. Muuaji wa simba naye alitunzwa kwa kuwa aliiondoa hatari iliyokuwa juu ya mazizi ya watu wote. Ng'ombe aliyepewa alikuwa shukrani ya waliookolewa. Katika mifano yote miwili hatari inapungua kwa watu wa nje. Kizimbani hatari inaitwa, inalishwa harufu, kisha inaachwa majini wakati mteja amekwisha kupanda garini.

Na desturi hiyo ilipoharibika, wenyewe waliiona. Katika Katavi, ambako Wasukuma wengi wamehamia na ng'ombe wao, walitokea vijana walioua simba asiye na hatia ili wacheze na kutunzwa. Wazee na sungusungu walisimama kukataza, kwa sababu zawadi ilikuwa imekatana na sababu yake. Natamani kuiona biashara ya kizimba ikijihukumu kwa kipimo hichohicho.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya mapenzi. Husemwa kwamba mtu akimwona papa uso kwa uso humpenda, na akimpenda humtetea. Nakubali kwamba papa mweupe ameonewa. Watu wauawao na papa wa kila aina katika dunia nzima kwa mwaka mmoja aghalabu hawafiki kumi, ilhali binadamu huua papa kwa mamilioni. Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza kumlinda papa mweupe kwa sheria, mwaka 1991, na wenye vizimba walisaidia kuifanya sheria hiyo ipendwe. Lakini hofu ile kubwa ilitoka wapi? Haikutoka baharini. Ilitoka katika kitabu kiitwacho Jaws, alichokitoa Peter Benchley mwaka 1974, na sinema iliyotolewa mwaka uliofuata. Benchley mwenyewe alijutia alichokianzisha, akatumia miaka yake ya mwisho kuwatetea papa. Kwa hiyo kizimba kinauza dawa ya ugonjwa ambao kinaendelea kuutangaza, kwani hakuna mteja atakayelipa kutazama samaki mpole. Tangazo lazima lionyeshe meno.

Kama ni mapenzi, iko njia nyingine, na haiko mbali. Katika kisiwa cha Mafia, mbele ya Kilindoni, tangu mwezi wa Oktoba hadi Machi papa potwe huja kula viumbe vidogo vya majini. Mgeni huogelea kando yake bila ya kizimba, wala hahitaji chambo. Mnyama amekuja kwa shughuli zake, na mtu ndiye anayepaswa kujua adabu. Najua kwamba potwe hana meno ya kumdhuru mtu. Hata hivyo mfano unatosha kuonyesha kwamba kumtazama mnyama na kumwita kwa tumbo ni mambo mawili, na la kwanza laweza kuwepo bila ya la pili.

Hoja ya tatu ni ya fedha, nayo ndiyo hupigiwa makofi. Husemwa kwamba fedha za wageni hujenga nchi. Sikatai. Serikali hupata mapato, vijana hupata kazi, na katika Meatu vijiji vilivyoungana kuitunza ardhi ya Makao kwa ajili ya wanyamapori hupata fungu lao. Lakini fedha inayotegemea mnyama mmoja na hofu moja ni fedha yenye miguu. Gansbaai iliitwa mji mkuu wa papa mweupe. Mwaka 2017 nyangumi wauaji walianza kuwaua papa wa huko na kula maini yao; papa waliobaki wakakimbia, na wenye vizimba wakawa wanatafuta papa wa aina nyingine wa kuonyesha. Mwaka 2023 Mexico ilipiga marufuku biashara hiyo katika Guadalupe, na siku za kazi zikaisha. Pamba ya Simiyu ina shida zake za bei na mvua, lakini haikimbii usiku mmoja kwa sababu ya nyangumi.

Na hata fedha ikidumu, kuna haja ya kuuliza inaanza wapi kutumika. Mtu mwenye akili akijenga nyumba huanza na mlango kabla ya pazia. Mnyama akiingiza fedha, fedha ya kwanza ingestahili kumjengea kizimba yule asiyekuwa nacho. Sisemi neno la fumbo. Katika Simanjiro wafugaji wamezungusha mazizi yao kwa waya na miti hai, na simba wameshindwa kuingia. Katika Kenya, hasa Sagalla karibu na Tsavo, wakulima wamezungusha mashamba kwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa kamba, na tembo wengi hugeuka wasikiapo nyuki. Na juu ya ulinzi mkulima hupata asali. Pilipili nayo imetumika mahali pengi. Vitu hivi havihitaji elimu ya ajabu. Vinahitaji kuhesabiwa kuwa deni la kwanza badala ya sadaka ya mwisho.

Nimefika mahali pa kusema ninachokitaka. Kwanza, chambo kisitumiwe karibu na watu wasiokuwa na kizimba, iwe baharini au porini. Na kabla ya kitalu au mradi wowote wa kuonyesha wanyama wakali kupewa kibali, waulizwe walio nje, tena waulizwe kwa lugha yao na wakati jibu lao lingali na nguvu. Pili, malipo ya madhara ya wanyama yaitwe fidia katika sheria na yahesabiwe kama fidia, na ukaribu wa mtu na mpaka usiwe sababu ya kumpunguzia haki. Tatu, fungu la mwanzo la mapato ya utalii na uwindaji katika wilaya zipakanazo na hifadhi lijenge mazizi, nyua na mizinga, na njia za watoto kwenda shule bila ya kupita gizani vichakani.

La nne linatuhusu sisi wa kalamu, na ndilo ninalolileta hasa katika kurasa hizi. Tuyachunge maneno. Kitabu kimoja kilitosha kumfanya papa kuwa shetani wa dunia. Habari ya jina moja pajani ilitosha kuwafuta watoto wa Itilima. Katika hadithi zetu fisi ni mlafi mjinga anayedanganywa na sungura, na watoto hucheka. Hadithi hizo ni tamu na zibaki. Lakini nani ameandika hadithi ya mtoto anayechunga ng'ombe jioni, asikiaye mlio wa fisi nyuma yake, na asiyeweza kukimbia kwa kuwa ng'ombe watatawanyika? Nani ameandika riwaya ya dungu? Tunayo mashairi ya bahari na ya mapenzi, na ya siasa tunayo tele. Tunaazima neno shujaa kwa kila mgeni aliyepigwa picha karibu na meno, na mkulima afukuzaye tembo tunamwita mvamizi wa hifadhi pindi shamba lake linapogusa mpaka uliochorwa na mwingine.

Ujasiri ni kuikabili hatari kwa ajili ya jambo lililo kubwa kuliko nafsi, au kuistahimili isiyoepukika bila ya kupoteza utu. Aliye kizimbani hana la kwanza wala la pili. Ana udadisi, na udadisi si dhambi; basi na aitwe mdadisi, alipe ada yake, arudi salama. Neno lile lingine lina mwenyewe. Yuko Itilima na Busega, Meatu na Bariadi, na usiku huu, kama mahindi yamekwisha kubeba, yuko dunguni na debe lake.